Mikono ya Mwalimu

Mtoto wa kijijini hana haja ya kufundishwa kupenda kutengeneza vitu. Mpe vipande vya waya, vifuniko vya makopo na ndala iliyochakaa, naye kabla ya jua kutua atakuwa na gari lenye magurudumu manne na usukani mrefu ufikao kiunoni mwake, nalo litakata kona kwa amri yake. Hakuna aliyemweleza habari za msuguano, wala sababu ya gari lililoinuka sana kupinduka upesi kuliko gari lililo chini. Lakini mambo hayo yote yamo mikononi mwake, maana gari lake la kwanza lilipinduka na la pili halikupinduka. Mtoto huyo huyo akiingia darasani wakati wa somo la sayansi, aghalabu huketi kimya na kunakili kutoka ubaoni sentensi tatu juu ya nguvu na mwendo. Gari lake ameliacha nje, nyuma ya ukuta, asije akanyang'anywa.

Jinsi ya kuliingiza gari lile darasani ni jambo ambalo nchi yetu imelihangaikia kwa muda wa miaka mia moja hivi. Wengi hudhani kwamba ni jambo la vitabu au la vyombo vya maabara. Historia yaonyesha vingine. Kila lilipojaribiwa, lilisimama au kuanguka katika chuo cha ualimu, yaani mahali ambapo kijana anayejiandaa kuwa mwalimu hupata, au hukosa, nafasi ya kutengeneza kitu kwa mikono yake mwenyewe, kukishindwa, na kuuliza kwa nini.

Habari hii yaanzia mbali na kwetu, kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha katika mwaka 1865 na utumwa kukomeshwa, watu weusi waliokuwa watumwa walitaka shule kuliko kitu kingine chochote. Katika mwaka 1868 kilifunguliwa chuo cha Hampton, katika jimbo la Virginia, ambamo wanafunzi waliandaliwa kuwa walimu huku wakifanya kazi za shamba na za ufundi. Mmoja wa wanafunzi wake, Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani, alianzisha chuo cha namna hiyo hiyo huko Tuskegee, Alabama, katika mwaka 1881. Chuo kilihitaji majumba, na majumba yalihitaji matofali. Washington na wanafunzi wake, ambao hawakujua kazi hiyo, wakaanza kufinyanga na kuchoma. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, na la tatu nalo likaanguka kabla ya matofali kuiva. Fedha zikawa zimekwisha. Washington akachukua saa yake ya mfukoni, akaiweka rehani kwa dola 15, na kwa fedha hizo wakachoma tanuri la nne, likafaulu. Saa hakuikomboa kamwe. Nionavyo mimi, wanafunzi wale walijua tabia ya udongo na moto kuliko mtu yeyote aliyeisoma kitabuni, kwa kuwa walikuwa wameshindwa mara tatu na kila mara wakalazimika kutafuta sababu.

Katika mwaka 1907 Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia, mfuasi wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi mashambani. Mwaka uliofuata, Bi. Virginia Randolph, mwalimu wa shule ndogo katika wilaya ya Henrico, Virginia, akawekwa kuwa mwalimu wa kwanza kulipwa kutokana na mfuko huo. Kazi yake haikuwa kufundisha watoto wa shule moja tu, bali kuzunguka shule za wilaya nzima akiwasaidia walimu wenziwe kuboresha masomo, usafi, na kazi za mikono. Basi mwalimu wa namna hiyo, yaani mwalimu wa walimu, akaitwa mwalimu wa Jeanes, na jina hilo likavuka bahari hadi Kabete.

Lilivukaje? Katika mwaka 1924 tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizuru Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Anomabu katika nchi iitwayo sasa Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ipatanishwe na maisha ya kijijini kwake: kilimo, afya, nyumba bora, ufundi wa mikono. Serikali ya Uingereza nayo ikatoa waraka wake wa siasa ya elimu katika mwaka 1925 wenye mawazo yaliyokaribiana na hayo. Mwaka huo huo Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, na James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ile, akawa mkuu wake wa kwanza.

Yafaa tuitazame shule hiyo kwa makini, kwa sababu ilikuwa chuo cha ualimu cha namna ambayo haikupata kuonekana nchini. Wanafunzi wake hawakuwa vijana waliotoka shuleni juzi, bali walimu waliokwisha kufanya kazi katika shule za misheni. Walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba zilizopangwa mfano wa vijiji. Mwalimu alijifunza kuendesha shule ndogo, kulima bustani ya shule, kujenga, kuchimba choo cha shimo, kulinda maji yasichafuke. Mkewe naye alijifunza malezi ya watoto, upishi na ushonaji. Ilikuwapo shule ya watoto papo hapo, ili yale waliyofundishwa wayajaribu mbele ya watoto wenyewe. Baada ya mafunzo ya miaka miwili, mwalimu alirudi kwao kuzunguka kutoka shule hadi shule, akiwaonyesha wenziwe kwa vitendo.

Hapana shaka yalikuwamo mambo mema. Mwalimu aliyekwisha kuchimba choo mwenyewe hakuhubiri habari za kipindupindu na minyoo kama kasuku. Aliweza kumwambia mwanakijiji shimo liwe umbali gani na kisima, na kwa nini liwe upande wa mteremko. Wazo la kumfunza mwalimu mahali palipofanana na mahali atakapofanyia kazi lilikuwa wazo la busara, na vyuo vingi vya leo vimelisahau. Aidha wazo la kumtuma mwalimu mzoefu awatembelee wenziwe, asiwakague bali awasaidie, halijapitwa na wakati.

Walakini palikuwa na kasoro, nayo haikuwa ndogo. Mwalimu wa Kabete alionyeshwa namna ya kufanya kazi. Sayansi iliyomo ndani ya kazi hiyo haikuwa ndiyo shabaha. Bustani ilikuwa bustani bora, ya kuigwa. Haikuwa mahali pa kuuliza mbona mstari huu umestawi na ule umenyauka, na kupanda tena kwa namna mbili tofauti ili kupata jibu. Nyumba bora ilikwisha kuamuliwa na wakubwa kabla ya mwanafunzi kufika. Mikono ilifanya kazi, lakini swali lilikuwa la mtu mwingine.

Waafrika wa Kenya waliliona jambo hili upesi, na waliliona kwa jicho la siasa. Zama hizo zilikuwa zama za walowezi, ambao walihitaji vibarua wa mashamba yao. Shule zilitengwa kwa rangi, na shule za Wazungu ziliwaandaa watoto wao kwa mitihani ya Uingereza. Mzazi Mwafrika akiambiwa kwamba elimu inayomfaa mwanawe ni ya jembe na msumeno, aliuliza swali lisilo na jibu la aibu ndogo: ikiwa elimu hii ni njema hivyo, mbona wenyewe hawawapi watoto wao? Hata huko Marekani, msomi mashuhuri W. E. B. Du Bois aliyapinga mawazo ya Jones waziwazi, akisema kuwa elimu ya namna hiyo yaweza kuwaweka watu weusi katika daraja la chini daima.

Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, zilizuka shule huru zilizoendeshwa na wananchi wenyewe. Wazazi wa shule hizo walidai watoto wao wafundishwe Kiingereza mapema, tena wasome masomo yatakayowafikisha juu. Shule huru zilihitaji walimu, na serikali haikuwapa. Basi katika Januari 1939 wananchi wakafungua chuo chao cha ualimu huko Githunguri. Fedha zilichangwa na watu wa kawaida, marika yakishindana kutoa, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mbiyu Koinange. Hapa pana jambo la ajabu kidogo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Mbiyu alikuwa amesoma Hampton, chuo kile kile kilichokuwa chemchemi ya mawazo ya Kabete. Akaendelea na masomo ya juu Marekani hadi Chuo Kikuu cha Columbia, akarudi nyumbani katika mwaka 1938. Mtu aliyeyafahamu mafunzo ya mikono tangu shinani mwake ndiye aliyewasaidia wazazi kujenga chuo chenye shabaha nyingine. Jomo Kenyatta alipotoka Uingereza katika mwaka 1946, naye alikuja kukiongoza chuo hicho. Serikali ya kikoloni ilikifunga katika mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa.

Basi kazi ya mikono ikapata jina baya mashuleni, na jina hilo halijafutika lote hata leo. Katika shule nyingi, kushika jembe kulikuwa adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa. Atakayeshangaa kwa nini wazazi wa Kenya huogopa kila mara waambiwapo kwamba watoto watajifunza "kwa vitendo", na ayakumbuke mambo ya Kabete na Githunguri kabla ya kuwalaumu.

Shule ya Jeanes yenyewe haikudumu katika kazi yake ya kwanza. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mafunzo yale ya walimu yakakoma; baada ya vita mahali pale pakatumika kuwafunza askari waliorudi nyumbani na watu wazima wengine; na katika mwaka 1961, uhuru ukiwa karibu, pakageuzwa kuwa chuo cha kuwaandaa maofisa wa utawala. Nchi ilihitaji maofisa wa wilaya. Mwalimu wa shule ya msingi angengoja.

Hakungoja sana. Jibu la pili lilikuja baada ya uhuru, nalo pia lilikuwa na asili ya Marekani, ila lilitoka kwa watu wa aina nyingine. Warusi waliporusha chombo chao Sputnik angani katika Oktoba 1957, Wamarekani walishtuka, wakaanza kuyatazama upya masomo yao ya sayansi. Wataalamu wa fizikia wa vyuo vikuu, watu wenye sifa kubwa, waliingia shuleni na kuketi sakafuni na watoto. Waligundua kwamba mtoto hufikiri vizuri zaidi akiwa na kitu mkononi, na kwamba kitu hicho si lazima kiwe cha gharama. Katika mwaka 1965 baadhi yao walikutana na waelimishaji wa Afrika huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, na hapo ukaanza Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika. Nchi kadhaa zilishiriki, miongoni mwake Ghana, Nigeria, Sierra Leone, Malawi, Uganda, Tanzania na Kenya. Katika mwaka 1970 Waafrika waliuchukua mpango huo mikononi mwao kwa kuunda chombo chao wenyewe, chenye makao makuu mjini Accra.

Kazi yao haikuwa kuandika kitabu kinene kimoja. Walitoa vijitabu vidogo vya mwalimu, kila kimoja juu ya kitu kipatikanacho popote: mchanga mkavu, mchanga wenye maji, mbegu, mabua, vitu vizamavyo na vieleavyo, mwezi na nyota. Kimoja kilihusu yule mdudu mdogo akaaye katika vumbi chini ya ukingo wa paa, achimbaye shimo la umbo la faneli na kujificha kwenye kitako chake hata sisimizi atumbukie. Mwalimu hakuambiwa awasomee watoto habari za mdudu huyo. Aliambiwa awape watoto mdudu, mchanga na kopo, kisha kila swali litakaloulizwa alirudishe kwa mdudu mwenyewe. Je, aweza kuchimba katika mchanga wenye majimaji? Huenda kinyumenyume au mbele? Akipewa mchanga wa chembe kubwa, shimo lake huwaje? Mdudu atajibu, maana hajui kudanganya.

Msomaji na azingatie tofauti iliyopo baina ya bustani ya Kabete na kopo hili la mchanga. Vyote viwili ni kazi ya mikono, na vyote viwili ni vya kijijini, tena bila gharama kubwa. Lakini katika kopo la mchanga hakuna aliyekwisha kuliamua jibu, wala hakuna anayemwambia mtoto kwamba mdudu huyu ndiye kipimo cha maisha yake ya baadaye. Mtoto wa daktari wa Nairobi na mtoto wa mchungaji wa Kajiado waweza kulichunguza kwa faida sawa.

Kwa mwalimu mwanafunzi, hata hivyo, njia hii ilikuwa ngumu kuliko ya Kabete. Tukumbuke hali ya vyuo vyetu katika miaka ile. Walimu wengi wa shule za msingi walikuwa wameishia darasa la nane kabla ya kuingia chuoni kwa miaka miwili. Walikuwa wamefundishwa kwa kukariri, nao waliamini, si kwa kosa lao, kwamba mwalimu mwema ni yule ajuaye jibu la kila swali. Sasa waliambiwa wasimame mbele ya watoto na kusema, "Sijui, hebu tujaribu." Kwa kijana wa miaka ishirini aliyekwisha kuogopa wakaguzi, neno hilo lilikuwa zito kulitamka.

Kwa hiyo mafunzo ya namna hii hayawezi kutolewa kwa mhadhara. Mwalimu hana budi kwanza kuwa mtoto. Chukua mfano wa mizani. Mwanachuo hupewa kijiti kilichonyooka, uzi, na vifuniko viwili vya chupa za soda. Hukifunga kijiti katikati, huvitundika vifuniko kwenye ncha zake, na papo hapo kijiti huinama upande mmoja. Hapo ndipo kazi huanza. Je, kijiti ni kinene upande mmoja? Je, kifuniko kimoja kina uzito zaidi? Akisogeza uzi wa katikati kwa upana wa ukucha, mizani hukaa sawa. Lakini je, ni mizani ya haki hiyo, au ni ya kuwapunja wanunuzi? Akibadilisha vifuniko, cha kulia kwenda kushoto, ataona. Kwa muda wa saa moja mwanachuo amekutana na mambo ambayo kitabu kingeyaeleza kwa sentensi mbili, naye angeyasahau kwa siku mbili.

Au chukua jiwe lililofungwa uzi na kutundikwa likabembea, mfano wa timazi ya mwashi. Mimi mwenyewe nilifundishwa habari zake kwa mchoro wa chaki. Mwalimu wetu, mtu mpole tena mwenye bidii, alichora jiwe na uzi vizuri sana, akaandika chini yake kanuni, nasi tukaikariri. Miaka mingi baadaye nilifunga jiwe kwa uzi wa mita moja, nikaona kwamba kwenda na kurudi kwake huchukua sekunde 2 hivi. Nikaufupisha uzi hadi sentimita 25, robo yake, nikitazamia muda nao uwe robo, kumbe ukawa nusu, sekunde 1. Nikabadilisha jiwe dogo kwa kubwa, muda haukubadilika. Nilikuwa nimeijua kanuni ile tangu utoto, na bado nilistaajabu. Simlaumu yule mwalimu. Naye hakupata kupewa jiwe na uzi chuoni kwake.

Mpango ule ulipokuwa ukiendelea Kenya, alikuja kuupima Bi. Eleanor Duckworth, Mkanada aliyekuwa mwanafunzi wa Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi wa fikira za watoto. Alikabiliwa na tatizo: kazi kama hii hupimwaje? Mtihani wa karatasi ungepima kukariri, na kukariri hakukuwa shabaha. Basi alifanya jambo rahisi. Aliwakusanya watoto chumbani penye vitu mbalimbali, vingine ambavyo vilikuwa vimetumika katika mpango na vingine vigeni kwao, akawaacha wavitumie wapendavyo, huku watazamaji wakiandika kila walichokifanya. Wengine walikuwa watoto waliofundishwa kwa njia mpya, wengine watoto wa shule za kawaida. Iligunduliwa kwamba wale wa kwanza walibuni mambo mengi zaidi ya kufanya, yenye namna nyingi zaidi, tena kazi zao zilikuwa na utata mkubwa zaidi. Tofauti haikuwa katika majibu waliyoyajua, bali katika kile walichokuwa tayari kukijaribu bila ya kuamrishwa.

Kwa nini basi shule zetu hazikujaa makopo ya mchanga? Sababu zilikuwa nyingi, nami nitazigusa upesi. Katika mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, na vyumba vikafurika watoto. Ilikuwa heri kwa taifa, lakini mwalimu mwenye watoto themanini hana nafasi ya kutazama mikono yao. Fedha za wageni zilikwisha. Nao mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ulioamua nani aende sekondari, uliuliza kwa karatasi na kujibiwa kwa karatasi. Katika miaka ya katikati ya 1970 watunga mitihani wa Kenya walijitahidi kuleta maswali yaliyohitaji mtoto kufikiri juu ya mambo ya nyumbani na shambani kwake badala ya kukumbuka tu, na jitihada hiyo imesifiwa na wataalamu wa nchi nyingine. Lakini mwalimu aliyebanwa na mtihani hufundisha mtihani. Mwanachuo aliyejifunza mizani chuoni alifika shuleni kwake, akamkuta mwalimu mkuu anayehesabu waliofaulu.

Katika mwaka 1985 jaribio jingine kubwa lilianza. Mfumo mpya wa masomo, wa miaka minane, minne na minne, uliingiza sanaa na ufundi, kilimo na sayansi-kimu katika shule ya msingi. Wazazi kote nchini walichanga kwa harambee kujenga karakana. Nyingi zilijengwa, nyingine hazikupata hata randa moja. Kosa la zamani likarudiwa kwa upande mwingine: somo liliwekwa katika ratiba kabla ya mwalimu kuandaliwa. Walimu waliokwisha kuhitimu kwa mafunzo ya vitabuni waliambiwa wafundishe useremala, na mtihani ukauliza juu ya useremala kwa maswali ya kuchagua jibu. Nchi hii imepata kuwa na watoto walioweza kuyataja majina ya sehemu zote za randa bila ya kupata kuiona randa. Masomo hayo yalipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazazi wakashukuru, na karakana zikawa stoo za mahindi au madarasa.

Sasa tumo katika jaribio jingine. Mtaala wa Umilisi ulianza kufanyiwa majaribio katika mwaka 2017 na ukaingia rasmi katika madarasa ya chini katika mwaka 2019. Mtihani wa K.C.P.E. ulifanywa kwa mara ya mwisho katika mwaka 2023. Katika gredi ya nne, ya tano na ya sita limo somo liitwalo Sayansi na Teknolojia, ambamo mtoto hutakiwa kuunda vitu na si kuvisoma tu. Safari hii vyuo vya ualimu havikusahauliwa kabisa: tangu mwaka 2021 wanafunzi wapya husomea stashahada badala ya cheti cha zamani cha P1, nao hufanya mazoezi ya kufundisha wao kwa wao kabla ya kukabidhiwa darasa. Lakini mwalimu aliyekuwa kazini tayari, ambaye ndiye aliye wengi, alipata mafunzo ya siku chache wakati wa likizo, aghalabu kwa mhadhara.

Ndiyo maana malalamiko yanayosikika sasa ni yale ambayo mtu aliyesoma historia hii angeyatazamia. Mtoto hurudi nyumbani jioni na agizo: kesho alete mizani aliyoitengeneza. Mama huenda dukani kununua gundi na karatasi ngumu. Baba, akiisha kula, huchukua kisu na kijiti na kuketi karibu na taa, na mtoto hulala. Kijiti huinama upande mmoja. Baba hukikwangua kidogo, husogeza uzi, hubadilisha vifuniko, hucheka peke yake, hujaribu tena. Asubuhi mizani hufika darasani ikiwa imekaa sawa kabisa, hupewa alama nzuri na kutundikwa ukutani, na katika darasa zima hakuna mtoto awezaye kueleza kwa nini haiinami.